Wikiendi, Wikienda

Mbukwenyi wadau! Kwa wale ambao Kigogo hakijawafikia, hiyo ni salamu ya wenyeji wa hapa Dodoma, na ukiitoa vizuri pale soko la Majengo muuza nyanya anaweza kukuongezea moja (inafanya kazi siku moja moja, msije mkanilaumu). Testi zimekwisha, upepo wa huku unaendelea kutupaka vumbi mpaka kwenye kope, na mimi nimepata kimbweta chenye kivuli. Basi tuongee.

Leo nina neno moja tu, neno lenyewe ni wikiendi. Najua mtasema huyu kaishiwa mada, wikiendi nani haijui? Subirini kwanza. Nimekaa nalo wiki mbili hili neno na nimeona lina mambo.

Anzeni na hapa hapa chuoni. Siku za kawaida tunasalimiana mambo, vipi, za saa hizi. Ikifika Jumatatu salamu inabadilika, inakuwa "za wikiendi?" Na jibu lake si lazima liwe salama. Kuna "ilikuwa fupi", kuna "sijaiona mwenzangu, nilikuwa na asainimenti", na kuna jibu la rumeti wangu ambaye huguna tu na kujifunika shuka. Jumatano swali linageuka linatazama mbele: "wikiendi hii mpango gani?" Alhamisi watu wanaanza kupungua darasani. Ijumaa ndiyo Furahidei, neno ambalo nadhani ni moja ya kazi bora za vijana wa Kitanzania, maana furaha yetu imeoana na siku ya Mwingereza na bado ukilisikia kwa mbali unasikia Ijumaa ya Kiingereza yenyewe. Bumu likiwa limeingia, Furahidei ni ya kula bata. Bumu likiwa limechelewa, Furahidei ni ya kulala mapema na chai ya rangi.

Halafu angalieni kitu kingine. Kiswahili tunacho "mwisho wa wiki", na wale wa redioni wana "mwishoni mwa juma". Kwa maana ya kamusi ni kitu kile kile. Lakini mtaani si kitu kile kile kabisa! Mtu akikuambia "nitakulipa mwisho wa wiki", hapo kuna deni na kuna siku ya mwisho, unaanza kuhesabu. Akikuambia "tutaonana wikiendi", hapo kuna soda, kuna nyama, kuna kukaa. Mwisho wa wiki unadaiwa, wikiendi inaliwa. Ndiyo maana sijawahi kusikia mtu anamtakia mwenzake "mwisho wa wiki njema" bila kusikika kama mtangazaji.

Neno likishaingia linazaa. Wanaokuja kusoma Jumamosi na Jumapili kwa sababu siku nyingine wako kazini tunawaita wanafunzi wa wikiendi. Yuko mlevi wa wikiendi, ambaye Jumatatu mpaka Alhamisi ni mzee wa kanisa. Wapo wakulima wa wikiendi, wenye mashamba huko nje ya mji, wanaokwenda Jumamosi na buti jipya kuangalia kama kijana wa shamba kapalilia (hawa ni ndugu wa karibu wa wale wa kilimo cha simu, tofauti ni kwamba wao angalau wanafika). Na hapa Dodoma tuna aina moja imestawi kuliko kwingine, nayo ni ndoa ya wikiendi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huku ulipitishwa na TANU mwaka 1973, watu wakaendelea na Dar yao. Mwaka 2016 Rais Magufuli akasema sasa tunahama kweli, wizara zikahama, na mwaka 2018 sheria ikapita ya kuutambua mji huu kuwa makao makuu. Lakini shule ya watoto iko Dar, biashara ya mke iko Dar, nyumba iliyojengwa miaka kumi iko Dar. Kwa hiyo baba anaishi huku siku tano na anakuwa baba siku mbili. Tangu treni ya umeme ilipoanza kufika Dodoma Julai 2024, Ijumaa jioni ukipita stesheni utadhani kuna msiba wa kitaifa, begi moja moja, wote wanaelekea upande mmoja. Zamani ilikuwa siku nzima ya basi kwenda na siku nzima kurudi, sasa ni saa chache. Treni imefupisha njia na kuirefusha wikiendi, hiyo naikubali.

Sasa tuje kwenye jambo lililonifanya nikae na hili neno.

Mnakumbuka magazeti ya udaku ya enzi zile? Kulikuwa na moja likiitwa Ijumaa Wikienda. Lilikuwa linatoka Jumatatu! Nilipokuwa mdogo nilikuwa nalisoma kwa kinyozi na jina lake lilinichanganya, mara Ijumaa, mara wikienda, na siku yenyewe Jumatatu. Lakini hebu litamkeni polepole hilo neno: wiki-enda. Masikio ya Mswahili hayajui "endi" ni nini. Yanajua enda. Wiki kwenda. Wiki inaenda. Mwingereza alituletea neno la wiki kuisha, sisi tukalisikia kama wiki kuendelea. Na nikisema ukweli, kwa watu wengi ninaowajua mimi, matamshi yetu ndiyo sahihi.

Kwanza kwa hesabu ya Kiswahili wikiendi haiwezi kuwa mwisho. Hesabuni wenyewe. Jumamosi, mosi ni moja. Jumapili ni mbili. Jumatatu tatu, Jumanne nne, Jumatano tano. Tunahesabu kutoka Ijumaa, siku ya kukusanyika kwa sala, kwa hiyo Jumamosi ni siku ya kwanza baada ya Ijumaa. Maana yake siku ambazo Mwingereza anafunga wiki, sisi ndiyo tunaifungua. Ukitaka kuchanganyikiwa zaidi ongeza Alhamisi, ambayo ni ya tano kwa Kiarabu, kwa sababu Waarabu wanaanza kuhesabu Jumapili. Kwa hiyo tuna Jumatano ya tano na Alhamisi ya tano zimefuatana, hesabu mbili kwenye kalenda moja, na hakuna aliyewahi kugombana kwa ajili hiyo. Shangazi wa rumeti wangu anaishi Muscat, anasema kule mapumziko yalikuwa Alhamisi na Ijumaa, na mwaka 2013 serikali ya Oman ikayasogeza kuwa Ijumaa na Jumamosi. Watu wakalala na wikiendi moja wakaamka na nyingine, jua halikusimama.

Na usiku nao una mambo yake. Wazee wa pwani siku yao inaanza jua likizama, ndiyo maana saa moja yetu ni baada ya jua kuzama na saa moja nyingine baada ya jua kuchomoza. Kwa hesabu ya zamani usiku wa Jumapili ni huu tunaouita Jumamosi usiku. Kwa hiyo mnaokwenda kujirusha Jumamosi usiku, kwa wazee mnajirusha Jumapili. Mkae mkijua.

Msidhani haya ni ya vitabuni tu. Muhula huu darasa letu lilihitaji muda wa testi moja ya ziada. CR akapendekeza Jumamosi saa tatu asubuhi, kundi la WhatsApp likakubali kwa vidole gumba. Mwenzetu mmoja Msabato akaandika kwa adabu kabisa kwamba Sabato yake inaanza Ijumaa jua likizama na kuisha Jumamosi jua likizama, kwa hiyo hataweza. Wengine wakaanza: aah, ni wikiendi tu, siku moja! CR, ambaye ni mtu wa haki, akahamishia Ijumaa saa saba mchana. Waislamu wakasema hiyo saa tuko msikitini. Jumapili asubuhi? Kwaya yote ya chuo ikapanda juu. Mwishowe tukafanya Jumatano saa moja usiku, siku isiyo na dini, umeme ukakatika dakika kumi na hakuna aliyelalamika. Mimi nilichokiona pale ni kwamba darasa moja lilikuwa na wikiendi tatu, na ile iliyoitwa "ni wikiendi tu" ilikuwa ya watu ambao hawaitumii kwa lolote zaidi ya kufua.

Ndugu zetu wa Kongo wana namna yao nyingine. Katika Kiswahili cha huko mashariki na Katanga kuna wanaohesabu siku kwa kazi: siku ya kwanza ya kazi, ya pili, ya tatu, mpaka ya tano, halafu Jumamosi inaitwa siku ya posho. Posho ni mgao, chakula au malipo ambayo mfanyakazi alipewa kwa wiki aliyoimaliza. Sisi tunahesabu kutoka sala, wao wanahesabu kutoka kazi mpaka posho. Ukijua mtu anazitajaje siku zake unaanza kujua nani alizipanga.

Hata huko lilikotoka neno lenyewe halikudondoka kutoka mbinguni. Wafanyakazi wa Uingereza zamani walikuwa na Jumapili tu, na wengi walilewa Jumapili wakaifanya Jumatatu kuwa yao kwa nguvu, wakaiita Jumatatu Takatifu kwa utani. Sheria ya viwanda ya mwaka 1850 ikawapa wanawake na vijana wa viwanda vya nguo kuachishwa kazi Jumamosi saa nane mchana. Nusu siku ile ndiyo iliyokua. Mwishoni mwa karne ya 19 neno likashika, la watu wanaoondoka mjini Jumamosi na kurudi Jumatatu. Marekani mwaka 1926 Henry Ford akafunga viwanda vyake Jumamosi na Jumapili, siku mbili kamili, na wala si kwa huruma peke yake, alijua mtu mwenye siku mbili ndiye mwenye muda wa kuendesha gari. Kwa hiyo wikiendi ilipiganiwa na ikapangwa na watu. Haikuwepo, ikawepo. Lishikeni hilo nitalirudia.

Mama yangu yuko kijijini wilaya ya Mpwapwa. Analima mtama, karanga na alizeti kidogo. Ukimwuliza mama habari za wikiendi atakujibu "nzuri" kwa sababu ni mtu wa heshima, lakini hana kitu cha namna hiyo. Uwanda huu wetu una mvua moja tu kwa mwaka, inaanza karibu na Desemba na kufika Aprili ikipenda. Mvua ya kupandia ikinyesha Ijumaa usiku, Jumamosi alfajiri watu wote wako shambani na jembe, na Jumapili wakitoka kanisani wanarudi. Huwezi kuiambia mvua ingoje Jumatatu. Mama alinipigia Januari, upepo unavuma kwenye simu, akasema, "Mwanangu, mvua imenyesha jana, leo ni leo." Ilikuwa Jumapili saa moja asubuhi na bwenini kwetu hakuna aliyeamka.

Lakini mama ana kiangazi. Mavuno yakishaingia ghalani, Julai, Agosti, ndipo harusi zinafanyika, ndipo watu wanatembeleana, ndipo ngoma zinapigwa usiku. Maji na kuni havina likizo, hilo najua, hasa kwa wanawake. Ila pumziko lipo, na lina mahali pake panapojulikana na kila mtu. Wakati wa kulima huwezi kuomba ruhusa, na wakati wa kiangazi huhitaji kuiomba. Nilipokuwa mdogo sikujua wikiendi, nilijua kiangazi.

Anayenikaa moyoni ni mdogo wangu. Yeye hana kiangazi na hana wikiendi.

Ana miaka 19. Alimaliza kidato cha nne, matokeo hayakuwa mazuri, na Agosti mwaka jana akaja hapa Dodoma mjini kufanya kazi za ndani. Simtaji jina na nyumba siitaji, mtanielewa. Humo ndani naye hakuna anayemtaja jina, kuanzia baba mwenye nyumba mpaka mtoto wa miaka mitatu wanamwita "dada". Mimi ndiye dada yake wa tumbo moja na huwa nacheka nikimpigia simu, maana nasikia "dada, dada" nyuma yake na wote wawili tunaitika.

Mwezi wa pili akaniuliza, "Dada, hivi wikiendi huwa inaanza saa ngapi?"

Nikamwuliza kwa nini. Akasema Ijumaa jioni mama mwenye nyumba akirudi kazini anavua viatu pale mlangoni, anajitupa kwenye kochi na kusema, "Afadhali, wikiendi imefika." Na akishasema hivyo tu, mdogo wangu anajua kazi imeanza. Mashuka ya vyumba vyote yanatolewa yafuliwe. Watoto hawaendi shule, wako nyumbani kutwa nzima. Jumamosi kuna wageni, kuku wanne wa kuchinja, pilau, kachumbari, vyombo mpaka saa tano usiku. Jumapili watu wakitoka kanisani ni chakula tena, halafu pasi za sare za wiki nzima. Jumatatu wote wakiondoka, anasema, ndiyo anapata kukaa chini nusu saa na kunywa chai akiwa peke yake. "Kwa hiyo nilitaka kujua," akasema, "yangu mimi ndiyo ile ya Jumatatu?"

Mimi niliyekaa nalo neno lote hili, na hesabu za mosi na pili, sikuwa na jibu la kumpa papo hapo.

Naomba mnisome vizuri hapa. Yule mama si mtu mbaya. Mshahara anautoa tarehe yake bila kuzungushana, mdogo wangu alipougua alimpeleka hospitali kwa gari lake, Krismasi alimnunulia dera. Ni mtumishi wa umma, anaamka mapema, anachoka kweli. Lakini wikiendi yake imesimama juu ya mgongo wa mtu mwingine. Asingekuwepo yule binti, Jumamosi ya mama ingekuwa na mashuka, kuku wanne na vyombo. Tangu Agosti mpaka tunaongea, mdogo wangu alikuwa amepumzika siku moja tu, na siku hiyo alikuwa na malaria.

Mimi nikaenda maktaba. Sisomi sheria, ila Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kila mtu anaweza kuisoma. Inasema siku za kazi zisizidi sita kwa wiki, saa za kawaida zisizidi tisa kwa siku na 45 kwa wiki. Kifungu cha 24 kinasema mwajiri ampe mfanyakazi mapumziko ya saa zisizopungua 24 kati ya wiki moja ya kazi na nyingine, na kama wamekubaliana afanye kazi kwenye muda huo, kila saa ilipwe mara mbili. Hakijasema Jumamosi wala Jumapili. Kimesema saa 24. Na mfanyakazi wa ndani ni mfanyakazi kama wengine, hata mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2011 kuhusu wafanyakazi wa majumbani umeandika hizo hizo saa 24.

Nikachukua kalamu. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, analala saa tano usiku, hizo ni saa 18. Ondoa kula, ondoa kuoga, ondoa kukaa kidogo, weka 15. Jumatatu 15, Jumanne 30, Jumatano 45. Kwa sheria, wiki ya mdogo wangu inaisha Jumatano usiku. Alhamisi mpaka Jumapili ni wiki inaenda tu. Wikienda.

Nilitaka nichapishe hivyo vifungu niende navyo. Mdogo wangu akakataa katakata. "Dada, ukija na karatasi, kesho yake mimi niko kwenye basi la Mpwapwa." Nikampigia mama nikidhani ataniunga mkono. Mama akasikiliza yote, akanyamaza kidogo, akasema, "Mwache aseme mwenyewe. Ila asiseme mtu akiwa na njaa."

Akangoja wiki mbili. Jumapili moja jioni, watu wamekula, yeye anapiga pasi na mama mwenye nyumba anaangalia tamthilia, akasema, "Mama, naomba na mimi niwe na Jumapili." Ananihadithia kwamba yule mama alipunguza sauti ya televisheni. Akauliza, "Sasa nani atapika?" Mdogo wangu akajibu, "Nitapika Jumamosi usiku niweke kwenye friji, mtapasha." Kimya. Halafu akaulizwa, "Unataka kwenda wapi? Una mtu?" Akasema hapana mama, nataka kwenda kanisani na kumwona dada yangu. Kule kijijini alikuwa mwimbaji wa kwaya, sauti ya pili, na tangu aje mjini hajaimba mbele ya mtu zaidi ya wale watoto.

Akapewa Jumapili moja moja, wiki hii ndiyo, wiki ijayo hapana, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Alinipigia akiwa na furaha anaongea haraka haraka. Mimi nilikuwa nahesabu upande wa pili wa simu: saa tisa katika wiki mbili. Sheria inasema 48. Nikataka kumwambia, nikaona si wakati wake. Yeye alikuwa hana hata moja, sasa ana tisa, na amezipata kwa mdomo wake.

Jumapili yake ya kwanza aliitumia hivi. Aliingia ibada ya pili, akakaa benchi la nyuma karibu na kwaya. Mchana tukakutana Nyerere Square, tukanunua zabibu, maana hapa kwetu zabibu si tunda la wagonjwa, ni la kila mtu. Akavua viatu akala taratibu. Kila baada ya muda anaangalia simu. Nikamwambia acha kuangalia saa. Akasema, "Dada, hii ni siku ya kwanza natamani saa isiende." Saa kumi na nusu akaanza kuvaa viatu ili asichelewe, kwa sababu akichelewa mara ya kwanza hakutakuwa na mara ya pili.

Kuna tatizo limebaki. Mwalimu wa kwaya amemwambia anamhitaji, sauti ya pili wako wachache, lakini mazoezi ni Jumamosi saa kumi jioni, saa ile ile ya kuku na pilau. Anafikiria aombe vipi. Safari hii amekubali nimwandikie kile kifungu kwa mkono kwenye karatasi ndogo, kwa Kiswahili chepesi. Hajasema ataionyesha. Amesema atakaa nayo tu mkobani.

Wadau, mimi sina sera ya kuandika hapa. Nina ombi moja. Wengi wetu likizo ikifika tunarudi nyumbani, na wengi nyumbani kwetu kuna dada. Ndiye anayetufungulia geti usiku, ndiye anayetupashia chakula tukirudi kutoka viwanja. Mkifika, mwulizeni siku yake ni ipi. Msiulize wikiendi yake ilikuwaje, hiyo atajibu "nzuri" kama mama yangu. Ulizeni siku, na inaanza saa ngapi na kuisha saa ngapi. Akishindwa kujibu, ongeeni na mama au shangazi, mtu akiwa ameshiba. Siku moja jioshee vyombo wewe, mkono hautakatika. Jumamosi za Waingereza zilianza na nusu siku ya saa nane mchana, kwa hiyo msidharau kuanza kidogo, ila msiridhike nako.

Mimi kesho ni Ijumaa, nina diskasheni ya takwimu saa nne, halafu Jumamosi kuna watu wanakwenda mnada wa Msalato kula nyama, wamenialika na mimi sijakataa. Jumapili hii ni ile ya "ndiyo". Saa tatu na robo nitakuwa nje ya lile kanisa.

Wikiendi njema kwa wenye nayo. Kwa wengine, wiki iende salama mpaka tuipate. Pamoja sana!